Korongo la Isimila na Korongo la Shambani

Neno letu korongo tunalitumia kwa mambo mawili ambayo moyo hauyapokei kwa namna moja. Huku Itaka korongo ni habari mbaya. Mtu akikuambia kwamba korongo limefika kwenye mibuni yake, unampa pole karibu kama mtu aliyefiwa. Lakini yapo makorongo mengine ambayo watu hufunga safari kwenda kuyaona. Hulipa kiingilio, hupiga picha, na wakirudi nyumbani husema kwamba Mungu ni fundi. Maji ni yale yale na kazi iliyofanyika ni ile ile: mvua imechukua udongo uliokuwapo na kuupeleka mbali. Basi Mkristo anaweza kumsifu Mungu kwa uzuri uliotokana na kupotea kwa kitu? Na akishamsifu, ana ruhusa ya kumwambia nini jirani yake aliyepotelewa?

Swali hili lilinipata Isimila, mkoani Iringa. Wengi wetu tumepita pale bila kujua. Ukipanda basi la Dar es Salaam kutoka Tunduma, ukaacha Vwawa, Mlowo, Mbeya, Makambako na Mafinga, zikibaki kama kilomita 20 kufika Iringa mjini, unaipita njia ya kuingia Isimila. Basi halisimami. Sisi tulisimama kwa sababu gari lilikuwa la kukodi, tulikuwa kwaya pamoja na wazee wa kanisa wachache, na vijana walikuwa wameliomba jambo hilo tangu tunapanga safari.

Juu kuna makumbusho madogo. Kutoka hapo njia inateremka hadi kwenye bonde la mchanga ambalo kiangazi halina maji. Kwanza unafika mahali zilipolala zana za mawe za watu wa kale. Halafu unaingia kwenye korongo lenye nguzo, unapita katikati yake, kisha njia inapanda na kukurudisha pale pale ulipoanzia. Mtu asiye na haraka anaimaliza kwa saa moja na kitu. Nguzo zenyewe ni za udongo na mchanga ulioshikana ukawa kama jiwe, na mtu akisimama chini yake anaonekana mdogo kama kuku chini ya mkaratusi. Nyingine ni nyekundu kama tofali lililochomwa vizuri, nyingine zina rangi ya chungwa, nyingine kijivu, na katikati hupita mistari myeupe kama imepigwa kwa rula. Wekundu ule ni kutu tu. Ndani ya udongo mna chuma, na chuma kikikutana na hewa na maji kinapata kutu, kama bati la nyumba ya zamani. Sisi wa Mbozi si wageni wa chuma. Kimondo chetu pale Ndolezi, chenye uzito wa zaidi ya tani 10, karibu chote ni chuma, nacho hakikuchongwa na mto wala mvua, kilianguka tu.

Jambo lililonishangaza kwanza ni ukimya. Kwaya ile ilikuwa imeimba tangu tunatoka mjini, na wanakwaya mnawafahamu, hawahitaji kuombwa. Tulipoingia kati ya nguzo wakanyamaza mmoja baada ya mwingine bila kuambiana. Mchanga wa chini unameza sauti ya miguu. Upepo uliokuwa ukivuma kule juu haukutufikia. Pimbi mmoja alikuwa amekaa kwenye ukingo anaota jua. Ndiye yule wibari ambaye Zaburi ya 104 inasema magenge ni makazi yake, na alitutazama kama mwenye nyumba anavyotazama wageni waliokosea mlango.

Tulipopanda na kujikuta tena mbele ya makumbusho, mama mmoja wa sauti ya pili aliniuliza, "Mzee, sasa tumekwenda wapi?"

Watu walicheka, lakini hakuwa anatania. Maisha yake yote ametembea kwa sababu. Ametembea kwenda shambani, kwenda kusaga, kwenda kisimani, kwenda msibani, kwenda ibadani. Kutembea saa nzima kwa duara, kisha kurudi ulipotoka bila hata kuni mkononi, kwake lilikuwa jambo geni. Nadhani wengi wetu tunalionea aibu kidogo, kana kwamba ni uvivu wa watu wenye pesa. Mimi sioni ubaya wake. Isaka alitoka kondeni jioni kutafakari, na Mwanzo 24 haisemi alibeba jembe. Bwana Yesu mara kwa mara aliwaacha watu, wagonjwa wakiwamo, akaenda mahali pasipo na watu. Mtu asiyeweza kutembea bila kazi huenda hawezi pia kukaa na mgonjwa bila kumhubiria. Hilo nitalirudia.

Lakini mama yule alikuwa na swali la pili, na ndilo lililonisumbua. Alisema, "Hili mimi nalijua. Liko nyuma ya nyumba yangu. Limekula mibuni yangu mistari minne. Hapa palikuwa shamba la nani?"

Mwongozaji alijibu vizuri. Alieleza kwamba zamani sana pale palikuwa na ziwa dogo. Maji yalileta mchanga na udongo, tabaka juu ya tabaka, halafu ziwa likakauka. Baadaye maji ya kijito yakaanza kukata tabaka zile kwenda chini. Sehemu laini ziliondoka, zilizoshikana zaidi zikabaki, na mahali pengine kipande kigumu kilikaa juu kama mwavuli na kuukinga udongo wa chini yake. Kwa hiyo nguzo hazikujengwa. Zile ni masalio, yaani kile ambacho maji hayajakiondoa bado, na hata hizo kila masika zinapungua. Kukata kule ndiko kulikofunua zana za mawe zilizokuwa zimefukiwa. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini aliyekuwa akipita njia aliokota baadhi yake, na mwaka 1957 na 1958 wataalamu wakaja kuchimba. Wakakuta pia mifupa ya wanyama, ikiwamo ya kiboko wa aina ambayo haipo tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa kuliko ya kiboko wetu wa leo. Shamba la mtu, alisema, halikuwapo.

Wataalamu wanakadiria zana zile kuwa na umri wa miaka ipatayo 260,000. Kijana mmoja aliuliza mara moja tuifanyeje hesabu hiyo na Biblia. Sitakaa sana hapo, maana imekuwa desturi yetu kubishana juu ya miaka na kuacha mambo mengine yakipita. Zaburi ya 90, inayoitwa sala ya Musa, inasema miaka elfu machoni pa Mungu ni kama siku ya jana. Anayesali sala hiyo kwa moyo hana sababu ya kuogopa tarakimu kubwa. Nilichokiona mimi ni jiwe lenyewe. Ni jiwe lililogongwa pande zote mbili, kipande baada ya kipande, mpaka likapata makali na ncha, na linakaa mkononi kana kwamba mwenyewe ameliacha kwenda kunywa maji. Nalo limetengenezwa kwa kupunguzwa. Lakini aliyelipunguza alilishika mkononi, na alijua anachokitaka.

Tofauti hiyo sikuitilia maanani siku ile. Niliikumbuka baadaye, kwenye mazishi.

Familia moja ilimzika mtoto wa kiume, tegemeo la nyumba. Sitataja ni wapi wala ni nani aliyehubiri. Mhubiri alikuwa amesikia habari za Isimila, akaona ni mfano mzuri. Aliwaambia wazazi kwamba Mungu anawachonga. Alisema zile nguzo ambazo watu wanatoka mbali kuziona zisingekuwapo kama mvua isingechukua udongo wa kando yake, na kwamba siku moja watu wataitazama familia hii na kushangaa uzuri wake. Wengi waliitikia amina. Baba wa marehemu hakuitikia. Alikuwa anatazama mikono yake.

Ninasema kwa heshima, na najua alinena kwa nia ya kufariji: maneno yale hayakuwa kweli, na kama yangekuwa kweli, hayakuwa yake kuyasema.

Kwanza, hayakuwa kweli kwa Isimila yenyewe. Korongo lile linapendeza machoni petu kwa sababu hatukupoteza chochote ndani yake. Hakuna aliyezikwa chini ya nguzo zile ambaye tunamjua jina. Hakuna mbuni uliong'olewa, hakuna mpaka uliohamishwa. Muda umewaondoa wenye malalamiko, ndipo sisi tukaja na simu zetu kupiga picha. Mama wa sauti ya pili peke yake ndiye aliyelitazama korongo kwa jicho la mwenye shamba, na yeye ndiye aliyeuliza swali lenye maana kuliko yote siku ile. Macho ya mgeni si mabaya, ila hayatoshi kuwa msingi wa mahubiri ya msibani. Mfiwa si mgeni katika korongo lake.

Biblia nayo inaujua mfano huu wa maji na jiwe, tena kabla ya mhubiri wetu. Uko katika Ayubu 14. Ayubu anasema mlima unaanguka na kumomonyoka, maji yanayala mawe, mafuriko yanachukua udongo wa nchi, na ndivyo Mungu anavyoliharibu tumaini la mwanadamu. Maneno hayo ni mazito, tena ni shutuma, na yameachwa ndani ya Maandiko bila kufutwa. Ayubu hakusema kwamba maji yanachonga kitu kizuri. Rafiki zake ndio waliokuwa na maelezo. Na mwishoni, katika sura ya 42, Mungu anakasirikia nani? Anawakasirikia wale wenye maelezo, anasema hawakunena yaliyo sawa kama Ayubu alivyonena. Tendo jema walilolifanya rafiki wale ni lile la mwanzo, katika sura ya 2, walipokaa naye chini siku saba bila kusema neno. Laiti wangeishia hapo. Walijua kukaa bila kazi kwa siku saba, kisha wakashindwa kuendelea.

Maelezo ya mhubiri si aina pekee inayozaliwa na makorongo. Kule Kenya, ndani kutoka Malindi, kuna mahali panaitwa Marafa. Wenyeji wanapaita Nyari. Pale nako mvua na upepo vimeikata ardhi ikawa bonde lenye minara na kuta za rangi nyeupe, waridi, chungwa na nyekundu iliyokolea. Wenyeji wana hadithi yake. Wanasema palikuwa na watu matajiri wa ng'ombe waliooga maziwa huku majirani zao wakiwa na njaa, Mungu akachukizwa, ardhi ikadidimia pamoja nao. Hadithi hii naipenda. Inawafundisha watoto kutodharau chakula, na ingefaa isomwe katika harusi zetu nyingine. Lakini angalia inafanya nini. Imeona hasara, ikatafuta mkosaji.

Basi tuna maelezo mawili: la Marafa, kwamba aliyepotelewa alistahili, na la msibani, kwamba aliyepotelewa anatengenezwa. Moja linaonekana kali na jingine la upole, lakini yote mawili hayavumilii kuiacha hasara ikiwa hasara. Bwana Yesu alilikataa lile la kwanza waziwazi. Katika Luka 13 waliletwa mbele yake habari za watu waliouawa, naye mwenyewe akaongeza habari za watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, akauliza kama walikuwa wakosaji kuliko wengine, akajibu kwamba sivyo. Tena hakusema kwamba mnara uliwaangukia ili wengine wapendeze.

Hapa najua msomaji mkulima atanisimamisha. Ataniuliza, je, Yohana 15? Baba ni mkulima, na kila tawi lizaalo hulisafisha ili lizidi kuzaa. Sisi wa kahawa tunajua kupogolea. Mbuni usiokatwa unakuwa msitu, unajaa magonjwa, na tunda lake ni dogo. Je, si kweli kwamba Mungu huchukua ili kuongeza?

Ni kweli, na sitaki kuliondoa fundisho hilo. Lakini tusichanganye makasi na mafuriko. Anayepogolea kahawa ameshika tawi kwa mkono mmoja kabla ya kukata kwa mkono mwingine. Anachagua ni lipi na anajua ni kwa nini. Akishakata hakimbii; atautia mbolea mbuni ule ule, ataupalilia, atakuja kuutazama ukichipua. Na anayefaidika ni mti wenyewe, kabla hata ya kufaidika mkulima. Mafuriko hayana mkono wa kushika tawi. Yanaondoka na shina na udongo wake, na kinachobaki kinapendeza kwa mpita njia tu. Yule fundi wa jiwe wa Isimila alifanana na mpogoaji. Kijito hakikufanana naye. Mhubiri alipolichukua korongo badala ya shamba la kahawa, alimpa Mungu sura ya kijito.

Tena, hata pale ambapo ni kupogolewa kweli, nani analitangaza? Msomi wa Biblia atanitajia Yusufu. Mwishoni mwa Mwanzo, katika 50:20, Yusufu anawaambia ndugu zake kwamba wao walimkusudia mabaya lakini Mungu alikusudia mema. Hilo ni neno zuri kuliko mengi yaliyowahi kusemwa juu ya mateso. Lakini aliyelisema ni Yusufu. Alilisema baada ya miaka mingi, akiwa ameshiba, mbele ya wale waliomtesa, na alilisema kwa kulia. Sasa jaribu kuliweka neno lile lile kinywani mwa Yuda, siku ile ya sura ya 37, akiwa amesimama ukingoni mwa shimo lisilo na maji, anainama na kumwambia mdogo wake aliye chini: "Usilie, Mungu amekusudia mema." Maneno hayajabadilika hata herufi moja. Lakini kinywani mwa aliyeko shimoni, baadaye, ni ushuhuda, na kinywani mwa aliyeko ukingoni, sasa, ni ukatili. Nadhani kwenye misiba yetu tunazungumza mno kutoka ukingoni.

Ushuhuda juu ya hasara ni mali ya aliyepotelewa. Akitaka kusema kwamba ameona mkono wa Mungu ndani yake, kanisa zima linyamaze limsikilize. Asipotaka kusema, au akisema kama Ayubu, kanisa pia linyamaze.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niogope kuyaita makorongo kazi ya patasi ya Mungu, nayo ni ya hapa hapa kijijini. Korongo la Isimila halikuanzishwa na jembe la mtu. Haya yetu mengi tumeyaanzisha wenyewe. Tunalima kwa kufuata mteremko, kutoka juu kwenda chini, kwa sababu ndivyo ng'ombe wa jembe anavyovuta kwa urahisi. Tunawapitisha mifugo njia moja kila siku mpaka njia inakuwa mfereji. Tunakata miti ya kilimani. Tunachimba barabara na kuelekeza maji yake kwenye shamba la mtu asiye na sauti. Mtu akilima hivyo, kisha korongo la jirani yake likafunguka, na yeye akaja jioni kumfariji kwamba Mungu anachonga, huyo anamsingizia Mungu kazi ya mikono yake. Na jirani akimsadiki, hatapanda hata tete moja, maana nani azuie patasi ya Mungu?

Watu wa Kondoa wanaijua habari hii kwa gharama kubwa. Milima ya Irangi ilikuwa imeliwa na makorongo mekundu kiasi kwamba serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Fikiri jambo hilo kwa mfugaji: aamke siku moja aambiwe ng'ombe, mbuzi na kondoo watoke. Ardhi ilipona, majani yakarudi, miti ikarudi, na mahali ambapo palikuwa mchanga mtupu watu wakalima tena. Mtu anayetazama picha za Kondoa za zamani anaweza kusema makorongo yale yalikuwa na rangi nzuri, na ni kweli yalikuwa nayo. Lakini hakuna aliyesema yaachwe kwa sababu ya uzuri wake. Na hata uponyaji ule ulikuwa na hasara yake, iliyobebwa na wenye mifugo kuliko na watu wengine. Tukisimulia tu kwamba kijani kilirudi, bila kuwataja hao, tutakuwa tumehubiri tena kutoka ukingoni.

Basi turudi kwenye uzuri, maana sitaki mtu aondoke hapa akidhani nimewakataza watu kuufurahia. Nguzo za Isimila ni nzuri. Hazikuwa nzuri kwa sababu tulifika, na hazitaacha kuwa nzuri tukiondoka. Kwenye Mwanzo 1 Mungu aliona kwamba ni vyema siku nyingi kabla hajamuumba wa kuitikia amina. Na katika Ayubu 38, Mungu anapojibu hatimaye kutoka katika upepo, moja ya maswali yake ni hili: nani aliyeyapasulia maji ya mafuriko njia yake, ili mvua inyeshe katika nchi isiyo na watu, nyika asipokaa mwanadamu? Mungu analijua korongo. Analitaja mwenyewe. Lakini angalia hasemi kwamba lilipasuliwa kwa ajili ya kumfundisha Ayubu. Anasema kuna mvua inayonyesha mahali ambapo Ayubu hayupo kabisa.

Hilo kwa mara ya kwanza linaonekana faraja ngumu. Ayubu anauliza juu ya watoto wake, anaambiwa habari za nyika na wanyama. Mimi kadiri ninavyozidi kulisoma ndivyo ninavyoliona kuwa la heshima. Mungu hakumdanganya. Hakumpa sababu ya kubuni. Alimtembeza katika dunia kubwa isiyomhusu, kama mtu anavyomtoa mfiwa nje ya nyumba iliyojaa watu na kutembea naye kimya kimya mpaka mwisho wa shamba, kisha akamrudisha. Ukisoma sura zile kutoka 38 hadi 41 utaona ni matembezi. Wanapita baharini, mawinguni, kwa simba, kwa kunguru, kwa mbuzi wa mwambani, kwa kiboko, na wanarudi pale pale majivuni walipoanzia. Ayubu angeweza kabisa kuuliza kama yule mama: sasa tumekwenda wapi?

Na bado aliridhika. Biblia haituambii ni kwa nini hasa, nasi tumeandika vitabu vingi kujazia nafasi hiyo. Labda ilimtosha kwamba alitembea na Mwenyewe.

Mwezi wa tisa, kabla ya mvua, baadhi yetu tulikwenda kwa mama wa sauti ya pili kumsaidia kazi ya korongo lake. Ni kazi isiyo na utukufu. Unaanzia juu, siyo chini, kinyume na mtu anavyodhani, kwa sababu korongo hula kwenda juu kwenye kichwa chake. Unachimba tuta la kinga maji kukata mteremko, ili maji yasifike kichwani kwa nguvu. Ndani ya korongo lenyewe unapigilia nguzo za miti kwa safu, unapanga mawe na matawi nyuma yake, na unapanda matete kila upande. Maji yatapita bado, lakini yataacha udongo kidogo kila mara. Bwana mmoja ambaye shamba lake liko juu zaidi alikubali kugeuza matuta yake yalale kuukata mteremko. Hilo peke yake nadhani lilizidi kazi yetu yote ya asubuhi ile, na halikuja kwa mahubiri. Lilikuja kwa sababu mama yule alimshika mkono akamteremsha mpaka ndani ya korongo akamwonyesha.

Nilikuwa nimeshuka naye. Ukuta ulikuwa umekatwa wima, mwekundu, na kiunoni mwake ulipita mstari mweupe wa mchanga. Mizizi ya mibuni iliyokufa ilikuwa inaning'inia juu yetu. Sikusema kitu. Yeye ndiye aliyeutazama ule ukuta muda mrefu, akacheka kidogo, akasema, "Mzee, si ndiyo Isimila hii?" Kisha akanipa sururu, maana safu ya tatu ya nguzo ilikuwa bado haijaanza kuchimbiwa mashimo na jua lilikuwa linapanda.